Mashine Yako ya Kufua Inanuka Kama Kambare wa Juzi? Usilaumu Mto Tana, Soma Hii Kwanza

Wasee, kuna aibu halafu kuna ile aibu ya kuambiwa na nyanya yako kwamba unanuka.

Juzi nilienda Chara kumsalimia nyanya. Kama hujawahi fika, Chara iko huko ndani Tana Delta, upande wa Garsen, mahali mto ndio kila kitu: shamba, samaki, maji ya kupika na maji ya kufua. Njiani nililala Minjila kwa binamu yangu, na kwa roho safi akanifulia shati na mashine yake. Asubuhi nikalivaa, nikashika boda, nikafika nikamkumbatia nyanya. Akarudi nyuma hatua mbili, akanusa, akauliza mbele ya watu: "Mjukuu wangu, hili shati limefuliwa ama limelala na kambare?"

Boma lote lilicheka. Mimi pia nikacheka, lakini ndani nilikuwa nimekufa.

Ingekuwa ni shati langu tu, hii story ingeishia hapo. Noma ni kwamba binamu anakula kwa hiyo mashine. Anafulia walimu mashati, vijana wa boda majaketi, wazee kanzu za Ijumaa, na lojing'i moja inampa mashuka kila wiki. Mashuka yalikuwa yamerudishwa mara mbili. Ya tatu, akaambiwa, wanatafuta mtu mwingine. Kila aliyemuuliza alimpa jibu moja: "Ni maji ya Tana hayo, bro. Uza hiyo kitu." Na alikuwa ashaanza kuulizia bei ya chuma chakavu.

Nikarudi Minjila jioni hiyo, tukaichomoa kwa umeme, tukaifungua. Na wueh.

TULICHOPATA CHINI

Mashine yake ni ile ya matangi mawili, moja la kufua na lingine la kukamua, ile unamwagia maji mwenyewe na ndoo. Kwa mitaa ambayo mfereji unatoka siku ukijisikia, hiyo ndiyo inafanya kazi. Juu ilikuwa inang'aa. Ungeapa ni safi.

Lakini kwa tangi la kufua, chini kabisa, kuna ile sahani ya plastiki inayozunguka. Kwa mashine nyingi za aina hii imeshikwa na skrubu moja katikati. Tukaitoa. Chini yake kulikuwa na tope la kijivu lenye utelezi, nywele, mchanga, vifungo viwili, shilingi kumi, na kitu ambacho nadhani kilikuwa risiti. Harufu iliyotoka hapo ilifanya paka atoke nje.

Hapo ndipo shati langu lilikuwa limefuliwa. Tulikuwa tunaosha nguo juu ya jaa.

KWA NINI INANUKA? SAYANSI BILA STRESS

Mashine yenyewe ni plastiki na chuma. Haina harufu. Kinachonuka ni chakula kilichobaki ndani na wadudu wanaokila.

Chakula kinatoka wapi? Kwako. Kila nguo inaingia na jasho, mafuta ya ngozi, ngozi iliyokufa, losheni, tope. Sabuni inavitoa kwa nguo, lakini si vyote vinatoka na maji. Vingine vinashika pembeni, chini ya sahani, kwa mpira wa mlango, ndani ya bomba la kutoa maji. Juu yake inakaa sabuni ambayo haikuyeyuka. Ongeza giza, unyevu na joto la Pwani, halafu ufunge kifuniko. Umewajengea bakteria na kuvu hoteli yenye kitanda na breakfast.

Wakishakaa wanajenga utando, ule utelezi unaousikia kwa vidole ukigusa mpira wa mlango. Utando huo unawakinga, ndiyo maana kusuuza na maji baridi hakuwatoi.

Na ile harufu ya kitambaa cha kupangusia meza kilichosahaulika? Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba bakteria mmoja anayeitwa Moraxella osloensis ndiye mmoja wa watengenezaji wakubwa wa harufu hiyo kwa nguo. Anaweza kubaki hai kwa nguo iliyofuliwa na kukaushwa, akangoja tu. Ukilivaa shati, ukatoa jasho kidogo, anaamka. Sasa unajua kwa nini nguo ikitoka kwa kamba iko fiti, ukifika stegi ya matatu inaanza kukusaliti.

Usidhani ni harufu tu, pia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walieleza kisa cha hospitali moja ya watoto ambako bakteria sugu walikuwa wanaonekana kwa watoto wachanga tena na tena. Walipofuatilia, waliwapata kwa mashine ya kufua ya aina ya nyumbani, kwenye droo ya sabuni na kwenye mpira wa mlango. Mashine ilipotolewa, kesi mpya ziliisha. Bahati nzuri hakuna mtoto aliyeugua. Lakini kama kwenu kuna mtoto mchanga, au mgonjwa mwenye kidonda, hii si mambo ya urembo.

MAJI YA TANA YANA MAKOSA GANI HASA?

Tuseme ukweli, maji yana mkono wake, lakini si vile watu wanasema.

Tana ndio mto mrefu zaidi Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini Kipini. Ukifika Garsen umebeba udongo wa watu wengi. Ule wekundu unaouona ni udongo laini, na udongo haunuki hivyo. Shida yake ni kwamba unatua chini ya mashine na kushikana na mafuta na sabuni. Unakuwa kama simiti ya uchafu.

Ukiteremka zaidi, pande za Ozi na Kipini, kuna shida nyingine: chumvi. Bahari ikipanda na mto ukiwa chini, maji ya chumvi yanaingia ndani, na visima vingine vina maji magumu. Sabuni ya kipande kwa maji magumu haitoi povu, inatoa ukoko mweupe. Sasa mtu akiona hakuna povu anafanya nini? Anaongeza sabuni. Ukoko unazidi, mabaki yanazidi, bakteria wanashangilia.

Kwa hivyo mto hauna kesi kubwa ya kujibu. Dawa ya maji ya tope ni rahisi na nyanya zetu wanaijua: teka jioni, acha yatue kwa pipa usiku mzima, asubuhi chota ya juu polepole bila kukoroga, chuja na leso safi. Ukiwa na haraka, shabu kidogo inayafanya yatue mapema. Ukiweza kukinga maji ya mvua, hayo ndiyo bora kwa kufua, kwa sababu ni laini na sabuni kidogo inatosha.

SASA TUSAFISHE, HATUA KWA HATUA

Hii ndiyo form tuliyofuata. Tenga nusu siku, siku ambayo hakuna nguo za kufua.

1. Chomoa kwa umeme. Kuzima swichi tu haitoshi. Chomoa plagi, na mikono iwe mikavu.

2. Toa kila kinachotoka. Kwa mashine ya matangi mawili: kimfuko cha kunasa nyuzi, na ile sahani ya chini kama skrubu yake inafikika. Kwa ya mlango wa mbele: vuta droo ya sabuni yote, usiifungue nusu. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, sugua na mswaki wa zamani. Usisahau lile tundu droo inapokaa, juu yake huwa kumejaa kuvu nyeusi.

3. Mpira wa mlango. Kama yako ina mlango wa mbele, vuta ile mikunjo ya mpira ufungue ndani. Hapo ndipo kuna maji yaliyosimama, pini za nywele, na soksi uliyodhani imeibwa. Futa na kitambaa chenye sabuni, kisha kikavu.

4. Chujio la pampu. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kifuniko kidogo chini mbele. Weka beseni na tambara, fungua polepole, maji yatatoka. Hakikisha hujatoka kufua na maji ya moto sasa hivi, usijichome. Safisha, rudisha, kaza vizuri.

5. Bomba la kutoa maji. Wengi wanaruka hapa. Kama mwisho wa bomba umezama kwa mtaro au shimo la maji machafu, harufu inarudi juu kwa bomba hadi kwa nguo zako. Ukimaliza kufua liinue lisikae ndani ya maji. Likiwa na utelezi ndani, lisuuze na maji ya moto kiasi.

6. Kufua bila nguo. Rudisha kila kitu, jaza maji. Kama mashine inachemsha yenyewe, weka 60°C au zaidi. Kama ni ya kumwagia na ndoo, tia maji moto ambayo mkono unaweza kuvumilia kwa taabu. Usimwage maji yanayochemka kutoka jikoni, plastiki itapinda. Kisha chagua dawa MOJA: ama kikombe kimoja cha Jik, ama vikombe viwili vya siki nyeupe. Kwa utando mzee kama wa binamu, Jik ndiyo ilifanya kazi. Siki ni nzuri zaidi kwa ule ukoko mweupe wa maji magumu. Zungusha dakika chache, acha ikae nusu saa, zungusha tena, mwaga.

7. Suuza mara mbili na maji safi. Mara mbili, si moja. Jik ikibaki, buibui ya mtu itatoka na mabaka ya kahawia, na hapo utajua hujui.

8. Kausha. Futa ndani na kitambaa, acha kifuniko au mlango wazi hadi kesho. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, acha plagi imechomolewa na uwe macho, kwa sababu mtoto akiona mlango wazi anaona nyumba ya kuchezea.

Sisi ilibidi turudie hatua ya 6 mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa. Ya pili yalitoka kama chai ya rangi. Ya mwisho yakatoka kama maji.

VITU USIJARIBU HATA UKIVIONA TIKTOK

Usichanganye Jik na siki. Wala ndimu. Wala dawa ya kusugulia choo. Hapa hakuna jokes. Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ile inayochoma macho na mapafu. Kwa chumba kidogo cha mabati kilichofungwa inaweza kukumaliza. Ukisafisha na Jik leo, siki ingoje siku nyingine, na fungua dirisha.

Siki na soda ya bikaboneti pamoja. Hii haitakuua, lakini ni mchezo wa watoto. Inatoa povu, video inabamba, halafu vile vitu viwili vinamalizana nguvu na unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Ukitaka kutumia soda, itumie peke yake kusugua.

Kuongeza dawa ya kulainisha nguo. Ile ya maua, ya kunukia. Binamu alikuwa anamimina kama soda ya arusi. Dawa hiyo inaacha mafuta mafuta juu ya nguo na ndani ya mashine, na bakteria wanayapenda. Unafunika harufu leo, unailisha kwa ajili ya kesho.

Kufukiza udi juu ya nguo inayonuka. Sisi watu wa Pwani tunapenda udi, na nguo safi iliyofukizwa haina mpinzani. Lakini udi juu ya nguo yenye uvundo ni arusi na mochari kwa ukumbi mmoja. Safisha kwanza, fukiza baadaye.

MAFURIKO YAKISHAINGIA NYUMBANI

Hii ni kwa watu wa Tana River hasa. Novemba 2023 mto ulipanda, ukapanda tena Aprili na Mei 2024, na maji yakaingia kwa nyumba za watu. Maji yakishuka, kila mtu anataka kujua kama vyombo vyake vinafanya kazi, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuchomeka kwa umeme.

Usifanye hivyo. Mashine iliyofikiwa na maji ya mafuriko ina tope kwa mota na kwa nyaya. Inaweza kukupiga shoti au kuwasha moto. Iache imechomolewa, muite fundi wa umeme aifungue, aikaushe na kuipima kwanza. Na kumbuka maji hayo yamepita vyooni na zizini. Hata akisema iko sawa, pitia hatua zote 8 na Jik kabla ya kuweka nguo hata moja.

HUNA MASHINE? BADO HII NI STORY YAKO

Chara wengi wanafua kwa karai, na Nairobi wengi wanategemea mama fua. Harufu ni ileile na sababu ni ileile. Karai la plastiki lenye mikwaruzo lina utando. Jerikeni lisilosuguliwa ndani lina utando. Na ile tabia ya kuloweka nguo Ijumaa jioni uzifue Jumapili, kwa joto hili, ni kupika supu ya bakteria. Loweka saa moja au mbili, inatosha. Sugua karai kabla na baada, ligeuze juani. Nguo nazo zianikwe juani kabisa, si kwa kamba ya ndani ya keja. Jua la Tana linatuchoma bure kila siku, angalau litufanyie kazi.

ILI ISIRUDI

Tabia chache tu, na zote ni za bure. Nguo zikimaliza, zitoe hapo hapo, zisilale ndani. Pima sabuni: jaribu nusu ya ile umezoea, na kama ni ya mashine ya kisasa tumia sabuni ya unga ya mashine, isiyo na povu jingi. Povu si usafi. Kung'uta mchanga na toa vitu mfukoni kabla ya kuweka. Acha kifuniko wazi. Na mara moja kwa mwezi, zungusha maji moto bila nguo. Kama unafulia watu kila siku, fanya kila wiki.

Binamu sasa ameandika siku ya kusafisha kwa kalenda ukutani, karibu na siku ya kulipa kodi. Mashuka ya lojing'i yalienda wiki iliyofuata na hayakurudi. Bei ya chuma chakavu hakuuliza tena. Gharama yote ilikuwa chupa ya Jik, mswaki mmoja mzee, na jioni moja ya kuziba pua.

Na mimi? Nilirudi Chara na shati lilelile. Nyanya akalivuta karibu, akanusa kola, akanusa kwapa, akanyamaza kidogo kama jaji.

"Haya," akasema, "sasa unaweza kuingia ndani ule."